Barua ya Wazi kwa Tume ya Ushindani: Waranti Inayokufa kwa Spana ya Kwanza

Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Ushindani (FCC).

Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), wauza magari na wauza injini za mtumba, Moshi na Arusha.

YAH: WARANTI YA MAGARI YALIYOTUMIKA NA INJINI ZA KUBADILISHA

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Ukiingia yadi ya magari yaliyotumika huku kaskazini, utapewa moja kati ya kauli mbili. Ya kwanza imechapwa chini ya risiti kwa herufi ndogo: mali ikishauzwa hairudishwi. Ya pili husemwa kwa sauti, mkono wa muuzaji ukiwa juu ya boneti: "Hii ina waranti, mzee, wewe nenda kapige kazi." Mwenye kauli ya kwanza angalau hajakudanganya. Nakuandikia kuhusu huyu wa pili.

Ombi langu nalitanguliza ili lisipotelee kwenye maelezo. Muuzaji anayekataa kulipa waranti kwa madai kwamba gari "limefanyiwa modifikesheni" abebe yeye mzigo wa kuthibitisha kuwa marekebisho hayo ndiyo yaliyoua kilichokufa. Akishindwa kuonyesha, alipe.

Nilinunua Noah ya toleo lililoanza mwaka 2001, yenye injini ya 1AZ-FSE, ile ambayo kila fundi wa Moshi anaiita D4. Yadi iliyoniuzia siitaji, maana yaliyonipata mimi yamewapata wengi kwenye yadi tofauti, na dawa haiko kwenye kumwaibisha mmoja. Muuzaji nilimweleza wazi kazi ya gari: abiria na mizigo kati ya Kahe, Himo na Moshi mjini, na siku za soko kupanda hadi Marangu. Anayeijua Kahe anaelewa maana yake. Huku chini ni tambarare ya udongo mweusi. Masika yakishika, njia za mashambani ni tope linalonata. Mvua zikikatika, nyayo za matrekta hukauka zikawa mifereji migumu kama mawe, na gari lililoundwa kwa lami ya Japani hugonga sampu kila hatua.

Yadi yenyewe ndiyo iliyonishauri gari linyanyuliwe kwa spesa, lifungwe springi nzito za nyuma na keria juu. Kazi ilifanyika humo humo yadini, na gharama yake iko kwenye risiti ileile ya gari. Waranti niliyopewa ilikuwa ya miezi mitatu, injini na giaboksi.

Miezi mitatu haijaisha, gari likaanza kuchemsha kwenye mlima wa Himo kwenda Marangu. Nilipofungua kifuniko cha oili, upande wake wa ndani ulikuwa na ute mzito, mweupe-mweupe. Dereva yeyote anajua kinachofuata: maji yameingia kwenye oili. Fundi wa yadi alipokuja hakukigusa kifuniko. Aliinama, akamulika chini kwa tochi ya simu, akaziona spesa zilizofungwa na wenzake, akasimama akijifuta mikono ambayo haikuwa imeshika kitu. "Mzee, gari hili limefanyiwa modifikesheni. Waranti haipo."

Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu kesi nzima iko katika sentensi hiyo.

Spesa hukaa kwenye springi. Yako inayoweza kuyaharibu, na mtu wa haki hayakatai: sivi-jointi hufanya kazi kwa pembe isiyo yake, buti zake huchanika, shokapu huvutwa kupita kiasi, tairi hulika upande mmoja. Ningekuwa nadai sivi-jointi, yadi ingekuwa na la kusema. Mimi nilikuwa nadai gasketi ya silinda hedi. Kazi ya gasketi hiyo ni kutenganisha maji, oili na moto wa ndani ya silinda, na huachia kwa sababu zinazojulikana: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji iliyochoka, hedi iliyopinda kwa kuchemshwa huko nyuma. Injini za ukoo wa AZ zina sababu moja ya ziada, inayofahamika kwa mafundi wa nchi nyingi: nyuzi za bolti za hedi huachia kwenye bloku ya aluminiamu, hedi inalegea, gasketi inavuja. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoletwa na kipande kilichowekwa kwenye springi.

Tulipoifungua injini gerejini tulikuta jambo jingine. Thermostati haikuwepo. Mafundi wetu wengi huing'oa wakiamini kwamba huku kwetu ni joto na haina kazi, wakati kwenye injini nyingi za Toyota ndiyo inayofunga njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ikikosekana, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani, gari likiwa na mzigo, lazima lichemshe. Bolti za nyumba ya thermostati hiyo zilikuwa na kutu ya zamani, haijaguswa na spana kwa muda mrefu. Kwa hiyo modifikesheni iliyogusa injini kweli ilifanywa kabla sijaliona gari, na ndiyo pekee ambayo fundi wa yadi hakuitafuta. Mkuki kwa nguruwe: marekebisho yakiongeza bei ni ufundi, yakiombewa waranti ni kosa la mnunuzi.

Baada ya mabishano, yadi ilikubali kufunga injini nyingine bure, ila injini yenyewe nikanunue mimi. Hapo nikaingia kwenye soko la injini za mtumba, ambako Tume yako ina kazi kubwa zaidi.

Injini hizi hutoka Japani na Dubai, zimetolewa kwenye magari yaliyovunjwa, na nyingi hupitia maduka ya Gerezani na Ilala, Dar es Salaam, kabla ya kupandishwa huku. Waranti yake ni ya kuwasha: inaungwa betri mbele yako, ikinguruma mmemalizana. Wauzaji wenye moyo mpana huongeza wiki moja au mbili. Hao hupaka rangi nyeupe kwenye bolti za sampu na za kifuniko cha juu, na masharti ni ya mdomo: rangi ikikatika, waranti imekwisha.

Utazame mtego huo, Ndugu Mkurugenzi Mkuu. Injini ikianza kugonga ndani ya wiki hiyo, njia ya kujua kinachogonga ni kushusha sampu na kutazama beringi za krenki. Ukishusha, rangi imekatika. Usiposhusha, unaambiwa huna ushahidi. Muuzaji yuko Dar es Salaam, injini iko chini ya mwembe Moshi, na waranti imekufa bila mtu yeyote kutamka kwamba injini ilikuwa nzima.

Likimalizika hilo, linakuja la kadi. Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake kwa cc. Aliyebadili injini anatakiwa kupeleka gari likakaguliwe na taarifa zirekebishwe TRA, na swali la kwanza huko ni injini imetoka wapi. Risiti niliyopewa imeandikwa "injini moja, yuzidi", basi. Haina namba ya injini wala nakala ya karatasi ya forodha. Wapo wenzangu walioshauriwa kuachana na D4, wakafungiwa 2AZ ya cc 2,362 mahali pa 1AZ ya cc 1,998. Ushuru wa magari hupangwa kwa ukubwa wa injini, na cc 2,000 ni mpaka mmojawapo, kwa hiyo fundi aliyetaka kukusaidia amekuvusha mpaka wa kodi bila kukuambia. Siku trafiki akifungua boneti, mtu aliyeuziwa gari bovu ndiye anayeulizwa maswali ya mwizi, na likitokea la kutokea, kampuni ya bima nayo imepata pa kuegemea. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa daftari linakosekana kwa aliyeuza huku adhabu ikimsubiri aliyenunua.

Siandiki kuomba sheria mpya. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, iliyoizaa Tume yako, inakataza kumpotosha mlaji na inaweka masharti ambayo yamo ndani ya kila mauzo kwake hata kama risiti haikuyataja. Tume ina mamlaka ya kuipitia mikataba inayoandaliwa na upande mmoja, mnunuzi akabaki na kazi ya kusaini tu. Karatasi ya waranti ya yadi ni mkataba wa aina hiyo, na maneno "mali ikiuzwa hairudishwi" pia. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo inasema kwamba mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na akategemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Mimi nilisema Kahe na nilisema mlima wa Marangu. Spesa zilifungwa kwa sababu nilisema hivyo.

Wauzaji wana kichaka kingine: "Ulikuja na fundi wako, akakagua, ukaridhika." Ni kweli sheria haimlindi mtu kwa ubovu ambao ukaguzi wake ungepaswa kuuona. Lakini ukaguzi wa yadini ni wa kuwasha, kusikiliza, kunusa ekzosi na kuzunguka mara moja uwanjani. Hakuna yadi itakayokuruhusu kufungua nyumba ya thermostati kabla hujalipa. Ubovu uliofichika ndani ya bloku hauhesabiki kuwa umeonwa kwa sababu tu fundi alisimama karibu na gari.

Msituambie pia kwamba mwenye Noah moja ya abiria ni mfanyabiashara, kwa hiyo si mlaji. Noah hiyo ndiyo inayopeleka mpunga wa skimu za Lower Moshi sokoni, na usiku ndiyo inayomkimbiza mgonjwa hospitali ya KCMC. Aliyeinunua hakuinunua aiuze tena. Tume itoe kauli ya wazi juu ya hilo, maana ni hoja tunayorushiwa kila siku.

Serikali yetu inajua vizuri kuhesabu uchakavu inapotaka kodi. Gari likifika bandarini lina umri wa zaidi ya miaka 8, linatozwa ushuru wa ziada kwa sababu ya umri huo. Wenzetu wa Kenya wameamua gari la zaidi ya miaka 8 lisiingie kabisa. Sisi tumeamua liingie na lilipiwe. Sina ugomvi na uamuzi huo, maana bila magari ya zamani vijiji vingi vya Kilimanjaro vingekuwa vinatembea kwa miguu. Ila tunapokubali kuingiza uchakavu na kuutoza, tujue unakwenda kwa nani. Kule Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa gharama inayomfanya mwenye gari la umri mkubwa aone heri aliuze. Ndivyo linavyotufikia. Ukaguzi wa TBS nao una kazi yake: breki, taa, usukani, moshi, usalama wa barabarani kwa ujumla. Haumwambii mnunuzi kama hedi imewahi kuchemshwa, na haukuwekwa kwa ajili hiyo. Kati ya ukaguzi huo na siku gari linapotoka yadini kuna spana nyingi zinazopita, na hakuna anayeandika chochote.

Ninachokiomba si kigeni duniani. Marekani walipitisha mwaka 1975 sheria ya waranti inayojulikana kama Magnuson-Moss. Chini yake kampuni haiwezi kufuta waranti eti kwa sababu mteja amefunga kipuri cha mtengenezaji mwingine. Lazima ionyeshe kwamba kipuri hicho ndicho kilicholeta ubovu. Uingereza, chini ya Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015, ubovu ukijitokeza ndani ya miezi 6 huhesabiwa kuwa ulikuwepo siku ya mauzo, mpaka muuzaji aonyeshe vinginevyo, na magari yaliyotumika yamo. Yadi za kule hazijafungwa.

Nawasikia wauzaji wakiguna, na wana haki yao. Wapo wanunuzi wanaoendesha gari likichemsha mpaka injini inanata, kwa sababu abiria wamejaa na nauli haijakusanywa. Wapo wanaomwaga oili ya kupima kwenye madumu, wanaojaza maji ya mtoni kwenye rejeta, wanaopakia keriani shehena ya lori. Muuzaji hawezi kuwa mlipaji wa kila uzembe. Ndiyo sababu nasema mzigo wa ushahidi, sisemi alipe kila kitu. Fundi mwenye macho anautofautisha uzembe: pistoni iliyokwaruzwa kwa kukosa oili haifanani na bolti iliyoachia nyuzi, na rejeta iliyojaa tope huonekana. Muuzaji akiyaona hayo, ayaandike, ayapige picha, asaini. Anachokatazwa ni kuangalia spesa na kuondoka.

Kwa hiyo tunaomba Tume itoe mwongozo kwa yadi na wauza injini, wenye mambo haya:

Kwanza, kila gari litoke yadini na karatasi ya hali ya gari, imesainiwa na pande zote mbili: namba ya chesisi, namba ya injini, kilomita zinazosomeka, marekebisho yote yaliyomo siku hiyo na nani aliyafanya. Rekebisho lililofanywa au kuuzwa na yadi lisitumike kamwe kumnyima mnunuzi waranti.

Pili, waranti itaje inafunika nini na kwa muda gani, kwa Kiswahili. Ikikataliwa, ikataliwe kwa maandishi yanayoeleza sehemu gani imekufa, rekebisho gani limeiua, na kwa njia gani. "Limefanyiwa modifikesheni" peke yake lisihesabike kuwa jibu.

Tatu, alama za rangi kwenye bolti ziwe na utaratibu. Mnunuzi akitoa taarifa, muuzaji apewe muda mfupi wa kuja au kutuma fundi ashuhudie injini ikifunguliwa. Asipotokea, ifunguliwe bila yeye, picha zipigwe, na rangi iliyokatika isiue dai.

Nne, risiti ya injini ya mtumba iandikwe namba ya injini, ukubwa wake na nakala ya karatasi ya kuingilia nchini. Yadi inayobadilisha injini chini ya waranti ndiyo imalize kazi ya ukaguzi na kadi, kwa gharama yake, kabla gari halijarudi barabarani. Hapa TRA na Jeshi la Polisi watasaidiwa kuliko mtu yeyote, kwa sababu injini isiyo na namba kwenye risiti ni mlango wa injini za wizi.

Tano, pawe na mtu wa kupokea malalamiko haya karibu. Dai la gasketi halimlipi mtu nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, na yadi zinalijua hilo.

Jambo hili litakua kabla halijapungua. Magari yanafungwa mitungi ya gesi asilia. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam imekuwa ikiifanya kazi hiyo, na bei ya petroli inavyokwenda wengi watafuata. Gari lililotumika likifungwa gesi mwezi wa kwanza wa waranti, likafa giaboksi mwezi wa pili, tutasikia kauli ileile ya modifikesheni. Huku kaskazini Land Cruiser hukatwa katikati Arusha, zikarefushwa na kuwekwa paa la kufunguka kwa ajili ya watalii, na uchumi wa mikoa miwili unazitegemea. Nchi ambayo gari lake la kawaida ni gari lililorekebishwa haiwezi kuwa na waranti inayohesabu rekebisho lolote kuwa kosa.

Tunaomba Tume ifike Moshi, iziite yadi, wauza injini, mafundi na madereva katika kikao kimoja, na watu wasiondoke bila kukubaliana karatasi moja ya waranti itakayotumika mkoa mzima. Madereva wa Kahe tutakuja na risiti zetu. Wauzaji waje na majibu waliyotupa, safari hii wakiwa wameyaandika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye Noah,
Kahe, Wilaya ya Moshi.